Kwa nini vitabu vya michoro ya nakshi za Kigothiki vinamnasa hata asiyejenga?

KalamuYaRisasi (#1)
Wakuu, habari za jioni.

Nina mafaili ya vitabu vya karne ya 19 ambavyo ni picha tupu za nakshi za majengo ya Kigothiki ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, ule mtindo wa makanisa ya zama za kati wenye matao yaliyochongoka. Vichwa vya nguzo, madirisha ya kimia cha mawe, vilele vya minara, bawaba za milango, majani yaliyochongwa kufuata ukingo wa matao. Maandishi ni haba, mara nyingi jina la kanisa na kipimo, basi. Mimi ni mhasibu. Sijengi, na kanisa sitajenga. Lakini nikifungua kimoja baada ya chakula cha usiku, kulala ni saa saba.

Mwanzoni nilidhani ninachopenda ni majengo yenyewe. Nikaenda kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa Dar, lile la wamisionari wa Kijerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Nilikaa, nikatazama juu, nikaona ni pazuri, nikatoka. Halikunishika hata robo ya vile ukurasa mmoja wa dirisha unavyonishika. Kwa hiyo naleta dai hili: mchoro wa nakshi ya Kigothiki una mvuto wake wenyewe, na mara nyingi unalizidi jengo. Anayejua sababu aseme. Anayepinga naye karibu.

NgojaWaje (#2)
Nimekaa kiti cha mbele. Wasanifu mko wapi?

Bikari (#3)
Mkuu #1, jibu ni jometri. Jaribu hili sasa hivi, una karatasi hapo.

Chora mraba. Fungua bikari nusu ya upande wa mraba, weka ncha kwenye kila kona, zungusha. Utapata maduara manne yanayogusana katikati ya kila upande bila kuingiliana. Futa vyote vya ndani, acha ukingo wa nje tu. Hilo ndilo ua la majani manne lililojaa kwenye madirisha na kuta za karne ya 13. Tao nalo: upana wa mlango ndio ufunguzi wa bikari. Ncha kwenye mguu wa kushoto, chora kutoka mguu wa kulia kwenda juu. Hamisha ncha, rudia. Mistari inakutana juu, tao tayari. Ukiitoa ncha nje ya miguu, tao linakuwa refu na jembamba. Ukiiingiza ndani, linakuwa butu.

Mwaka 1486 Mathes Roriczer, mwashi mkuu wa kanisa kuu la Regensburg, alichapisha kijitabu cha kuonyesha namna ya kupata vipimo vya mnara mdogo wa pembeni kwa mbinu hiyo hiyo. Unachora mraba, unaunganisha nusu za pande zake, unapata mraba wa pili uliosimama kwa kona, ndani yake wa tatu, na kila mmoja una nusu ya eneo la uliotangulia. Unazungusha ule wa kati ukae sawa na wenzake, na vipimo vyote vinatoka humo. Hakuna sentimita wala futi. Ukitazama ukurasa wa nakshi hizi, jicho lako linarudia kazi ya bikari hatua kwa hatua, na ndiyo maana huchoki. Kanisani huwezi, kwa sababu wewe uko chini na dirisha liko mita 20 juu.

BiShamsaUnguja (#4)
Mwanangu KalamuYaRisasi, umeingia kanisa moja ukatoa hukumu kwa yote? Njoo Mkunazini. Kanisa la Anglikana lilianza kujengwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Paa lake ni kuba refu la saruji na mawe ya matumbawe, na matao yake yaliyochongoka yanakaa pamoja na mambo ya Kiarabu bila kugombana. Mimi ni Muislamu na nimezaliwa mitaa ya karibu, nimeingia mle tangu mdogo.

Na zile nguzo za upande wa nyuma? Waongoza watalii wanasimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini, na aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Simama mbele yake uone kama utatoka mapema. Karatasi itakupa hayo?

Bikari (#5)
Bi Shamsa shikamoo. Kisa chako kinanisaidia mimi. Kama ni kweli nguzo zilipinduliwa, basi mafundi hawakuwa na mchoro wa kuwaonyesha upande wa juu.

BiShamsaUnguja (#6)
Marahaba. Na zimesimama mpaka leo, na paa halijawaangukia. Hilo nalo liandike.

GetiLaChuma (#7)
Nachangia kutoka Mwanza. Mimi nachomelea mageti na madirisha. Mambo ya jicho na bikari nawaachia, kwangu vitabu hivi ni vya kazi. Kuna kimoja cha Pugin cha 1836 chenye kazi za chuma na shaba, yule Mfaransa aliyekimbilia Uingereza wakati wa mapinduzi. Mteja alitaka geti lisilofanana na la mtu yeyote mtaani. Nikachukua bawaba moja ndefu mle ndani, ile inayotambaa juu ya ubao wa mlango na kutoa matawi huku na huku, kila tawi likiishia na majani matatu. Nikachora kwa chaki sakafuni ukubwa halisi, nikakunja bapa za chuma juu ya chaki, nikachomelea.

Nilichogundua ni kwamba kila mkunjo kwenye mchoro ule unakunjika. Michoro ya siku hizi ya kwenye simu imejaa mikunjo ambayo chuma kinakataa, lakini huyu mtu alijua chuma. Basi mvuto, kwa maoni yangu, ni kwamba mkono wako unajua jambo hili linawezekana hata kama wewe ni mhasibu.

MtuWaMakavazi (#8)
Salamu kutoka Nairobi. #7, umeunganisha watu wawili. Aliyehama Ufaransa ni baba, Augustus Charles Pugin, mchoraji aliyefanya kazi kwa msanifu John Nash. Yeye ndiye wa michoro ya vipimo ya majengo ya Kigothiki ya Uingereza iliyotoka kati ya 1821 na 1823, na baadaye mkusanyo wa nakshi peke yake. Alifariki 1832. Cha chuma na shaba cha 1836 ni cha mwanawe, Augustus Welby, aliyezaliwa London 1812. Ndiye aliyechora nakshi za ndani za Bunge la Uingereza baada ya lile la zamani kuungua Oktoba 1834, na mnara wa saa pale ni wake pia. Alifariki 1852 akiwa na miaka 40.

Tofauti yao ni muhimu kwa swali la #1. Baba alikuwa anapima. Alitaka msanifu wa London asiyewahi kufika Lincoln au Oxford apate ukingo wa dirisha ulivyo, na mkato wake, na kipimo chake. Kabla yake watu walibuni tu. Batty Langley alitoa kitabu miaka ya 1741 na 1742, akaipa nakshi ya Kigothiki mifumo mitano ya nguzo kwa kuiga utaratibu wa Kirumi, na mingi ya michoro yake haimo kwenye jengo lolote la zama zile. Horace Walpole, mwenye nyumba ya Strawberry Hill, alimkejeli sana. Kwa hiyo ukishikwa na ukurasa wa Pugin baba, umeshikwa na kitu kilichopo kweli mahali fulani, na wewe unajua kipo.

GetiLaChuma (#9)
Baba au mtoto, geti limesimama na linafungwa kila usiku. Lakini asante, nitaandika jina vizuri kwenye faili.

NgojaWaje (#10)
Geti picha tafadhali.

MbongoKöln (#11)
Naishi Köln na hii mada imenigusa, niruhusuni niandike kirefu.

Kanisa kuu la hapa lilianzishwa 1248. Karne ya 16 kazi ikasimama. Mnara wa kusini ulikuwa umefika sehemu tu ya urefu wake, na juu yake winchi ya mbao ya kupandishia mawe ikabaki pale pale karne baada ya karne, mpaka ikawa alama ya mji. Mchoro wa uso wa magharibi wenye minara miwili ulikuwepo, umechorwa kwenye ngozi, una urefu unaozidi mita 4, lakini ulipotea. Mwaka 1814 nusu yake ikapatikana Darmstadt. Mwaka 1816 nusu ya pili ikapatikana Paris. Wakauunganisha, ujenzi ukaanza tena 1842, na 1880 kanisa likakamilika kwa kufuata mchoro uliokuwa na umri wa karibu miaka 600.

Nakala yake nimeitazama mara nyingi. Chini kuna milango, juu yake madirisha, na kadiri unavyopanda nakshi zinazidi kuwa nyembamba na nyingi, mpaka kwenye vile vikonyo vya majani vinavyopanda kwenye kingo za kilele. Mchoraji aliviweka kimoja kimoja, ingawa alijua yeye hataviona vikichongwa. Kwa hiyo #1, mimi nadhani kinachokushika ni kwamba mchoro una deni. Jengo limeshalipwa. Mchoro unasema bado kuna kitu kinatakiwa kufanyika, na wewe unayeutazama unajihisi unahusika.

Bikari (#12)
Hili la deni ni zuri, lakini vitabu vya #1 vimechorwa baada ya majengo, si kabla. Pugin baba alichora makanisa yaliyokuwa yamesimama miaka 500. Deni liko wapi hapo?

MbongoKöln (#13)
Deni lilikuwa kwa wanunuzi wa kitabu. Hawakukinunua kutazama tu, walikinunua wajenge. Marekani, msanifu Richard Upjohn alitoa kitabu cha michoro 1852, na kati ya michoro hiyo mlikuwa na kanisa dogo la mbao, vijiji vilivyoshindwa kulipa msanifu vikajenga kwa kufuata hicho.

DadaWaIowa (#14)
Kweli kabisa, huku niliko majengo hayo yapo. Nakshi za mawe zilihamishwa kwenye mbao kwa msumeno mwembamba wa mashine. Ile nyumba ndogo nyeupe yenye dirisha lililochongoka, inayoonekana nyuma ya mkulima mwenye uma katika mchoro maarufu wa Grant Wood wa 1930, iko Eldon, jimbo letu hili. Ni nyumba ya watu wa kawaida yenye dirisha la kanisa kwenye dari. Mbao hazikuhitaji umbo lile, tao lililochongoka lilizaliwa kwa ajili ya kubeba mawe. Lilikuja kwa njia ya karatasi tu.

FundiKeko (#15)
Nimesoma yote. Mimi nachonga mbao Keko, vitanda na milango, mninga na mkongo. Nataka kusema jambo ambalo wachora ramani hawalisemi.

Mchoro wa mstari hauonyeshi kina. Nimewahi kuletewa picha ya kichwa cha nguzo chenye majani, mteja akasema nataka hivi kwenye mguu wa kitanda. Picha ina mstari mweusi kuzunguka jani, na vimistari vidogo vya kivuli. Je, jani limeinuka milimita tatu au sentimita tano? Ncha yake imejikunja kuja mbele kiasi cha kupitisha kidole nyuma yake, au imelala? Mtu akichonga kwa kufuata mstari tu anatoa jani lililopigwa pasi. Ndiyo maana kazi nyingi za kuiga unaziona zimekufa hata kama kila mstari uko sahihi.

Kwa hiyo nikipata kitabu, natafuta kwanza ukurasa wenye mkato, ule wa kuonyesha kitu kimekatwa katikati. Ukiwa na mkato unajua patasi gani ya kushika, ile ya mviringo au ile bapa, na ushuke mpaka wapi. Picha nzuri isiyo na mkato naiachia wahasibu. #1 usinikasirikie ndugu yangu, lakini nadhani unafurahia picha kwa sababu hakuna anayekudai jani.

KalamuYaRisasi (#16)
Sijakasirika fundi, ila sikubali. Kurasa zinazonishika zaidi ni hizo hizo za mikato. Mkato wa ukingo wa tao, ule mstari unaoingia na kutoka, mbonyeo, mgongo, mbonyeo tena, ukiwa umewekwa peke yake katikati ya karatasi nyeupe. Sielewi kwa nini ni mzuri, na siwezi kuuona kanisani kwa sababu jiwe halijakatwa.

FundiKeko (#17)
Basi wewe ni fundi uliyepotelea ofisini. Njoo Keko Jumamosi nikupe patasi.

PikoNaHina (#18)
Mimi ni wa Mombasa, nachora maharusi. Mbona hakuna aliyetaja mipaka? Kurasa zenye mistari ya nakshi iliyopangwa moja chini ya nyingine, hizo nazitumia sana. Zimekaa kama pindo za kanga zilizotandikwa dukani: kila moja ina umbo linalojirudia na unajua hapo hapo ipi itakaa mkononi na ipi ya mguuni. Mkanda wa majani matatu matatu unageuka vizuri kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ukifika mwisho unaunganisha na mwanzo na haionekani. Wateja wanauliza hii ni ya Kihindi au ya Kiarabu, nawaambia ni ya Uingereza, hawaamini.

Kwangu mvuto ni kurudiarudia. Jani hilo hilo mara kumi, lakini ukisogea karibu si hilo hilo.

MwalimuMstaafu (#19)
Vijana mmefika pale nilipokuwa nangoja mfike. Dada #18 amesema "si hilo hilo", na hapo ndipo vitabu hivi vilipoleta madhara.

John Ruskin, mwandishi Mwingereza wa mambo ya sanaa, katika kazi yake kuhusu Venice ya miaka ya 1851 hadi 1853, aliandika sura nzima kueleza kwamba uzuri wa Kigothiki unatokana na fundi kuachwa huru kukosea na kubuni. Jani moja limepinda kushoto kwa sababu mtu fulani siku hiyo aliona hivyo. William Morris, mbunifu wa nakshi wa Uingereza, aliipenda sura hiyo kiasi cha kuichapisha peke yake 1892. Sasa chukua nakshi hiyo, ichore, ichapishe nakala mia tano, mpe kila mwashi. Jani lililopinda kwa uhuru linakuwa amri. Mtu wa Manchester anaagizwa alipindishe kushoto vile vile, na akilipindisha kulia amekosea.

Mkumbuke mfano wa Rouen, Ufaransa. Kwenye mlango wa kaskazini wa kanisa kuu la pale kuna visanamu vidogo vingi vimejazwa kwenye pembe za vile viua vya majani manne. Kimoja ni kiumbe kimekaa kimeegemeza shavu kwenye mkono. Ruskin aliona kwamba mkono umebana shavu mpaka nyama ya chini ya jicho imejikunja. Kitu chenyewe ni kidogo sana, kimewekwa kujaza nafasi tu, hakuna aliyetarajiwa kukitazama. Mchongaji alikuwa anawaza kuhusu shavu. Baada ya Ruskin kufariki mwaka 1900, mwandishi Mfaransa Marcel Proust alisafiri kwenda Rouen kukitafuta, akakipata. Hakuna kitabu cha vielelezo kinachoweza kukupa mchongaji anayewaza.

MtuWaMakavazi (#20)
Mwalimu shikamoo. Lakini Proust alikijuaje kisanamu hicho? Kwa sababu Ruskin alikichora na kukichapisha katika kitabu chake cha 1849. Mlango umejaa mamia ya visanamu. Bila ule mchoro mdogo, kisingetafutwa na yeyote.

MwalimuMstaafu (#21)
Marahaba. Ni kweli alikichora. Lakini alikichora ili ukitazame, hakukichora ili ukinakili. Hilo ndilo nalolisimamia.

NgojaWaje (#22)
Mwalimu kajibu. Makavazi, zamu yako.

MtuWaMakavazi (#23)
Zamu yangu naitumia kwa hadithi moja, na imeandikwa na Pugin mwana mwenyewe kwenye utangulizi wa kitabu chake cha maua cha 1849, *Floriated Ornament*.

Alitembelea karakana ya Durlet, msanifu wa kanisa kuu la Antwerp. Ukutani kati ya vielelezo vingi kulikuwa na kichwa cha nguzo cha plasta chenye majani, kazi aliyoiona ni safi ya karne ya 13. Akaomba aruhusiwe kuchukua nakala. Durlet akakubali, kisha akamwambia kwamba majani yale ameyachuma bustanini kwake, akayamwagia plasta na kuyapanga kwa jometri kuzunguka kichwa cha nguzo. Pugin alikuwa ameshachora nakshi hizi maisha yake yote, na bado alidhani ni jiwe la kale.

Kutokana na hapo akashika kitabu cha zamani cha mimea, cha Tabernaemontanus, kilichochapishwa Frankfurt 1590, akaanza kuchora mimea halisi iliyonyooshwa na kulazwa, kila mmoja na jina lake la Kilatini. Hoja yake ni kwamba mafundi wa zamani hawakubuni majani, waliyachukua yalivyo na kuyapanga. Mabadiliko yako kwenye mpangilio, si kwenye jani. Kurasa zake ni za rangi, nyekundu, bluu, kijani na dhahabu, na zimelala bapa kabisa, hakuna kivuli. Mwalimu, huyo hakuwa anatoa amri ya kunakili jiwe. Alikuwa anamrudisha mchoraji shambani.

FundiKeko (#24)
Hii ya plasta nimeipenda sana. Nitajaribu na jani la mkorosho.

BiShamsaUnguja (#25)
La mpera litakaa vizuri zaidi, mishipa yake imesimama.

Bikari (#26)
Southwell, Uingereza, kuna chumba cha baraza la makasisi cha mwisho wa karne ya 13 ambacho majani yake yanatambulika kwa jina: mwaloni, mzabibu, mhopi. Kwa hiyo Pugin hakukosea kwa pale. Lakini majani mengi ya mwanzo wa karne hiyo hayana mmea wowote duniani, ni vishina vigumu vyenye vifundo vitatu mwishoni. Hayo ni bikari. Nabaki na hoja yangu.

Padre_Mstaarabu (#27)
Amani kwenu. Mmezunguka kote mkaacha jambo lililo wazi. Nakshi hizi zilitengenezwa kwa ibada. Huyo Pugin mwana aliingia Ukatoliki akiwa kijana, na 1836 alitoa kitabu cha kulinganisha majengo ya zama za kati na ya wakati wake, kuonyesha kwamba jamii iliyopoteza imani imepoteza na mkono. Mtu anayeshikwa na mchoro wa dirisha saa saba za usiku anavutwa na kile ambacho dirisha lilielekezwa kwake, hata kama hajui.

PikoNaHina (#28)
Baba Padre, mimi Muislamu, na maharusi wangu Waislamu. Msanifu Mwingereza Owen Jones alitoa michoro ya Alhambra, lile kasri la Waislamu huko Hispania, kati ya 1836 na 1845, halafu 1856 akatoa mkusanyo wake mkubwa wenye nakshi za Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na za makanisa ya zama za kati, zote kitabu kimoja. Mimi nafungua ukurasa wowote na napata kilekile. Ingekuwa ni dini, ningekwama nusu ya kitabu.

Padre_Mstaarabu (#29)
Dada, hujakwama kwa sababu kote humo watu walikuwa wanamsifu Mungu kwa mikono. Sioni kama umenipinga.

PikoNaHina (#30)
Hapo kuna Wagiriki na Warumi pia Padre! Na Misri ya Firauni.

Mlima_Ngozi (#31)
Samahani nimechelewa. Mimi nilianza kupenda haya mambo kwa ajili ya zile sanamu za mazimwi juu ya Notre-Dame ya Paris, yale ya karne ya 13 yanayotazama mji huku yameshika mashavu. Moto wa 2019 uliniumiza sana.

MtuWaMakavazi (#32)
Karibu. Yale yanayotazama mji kutoka kwenye ukumbi wa juu ni ya karne ya 19. Msanifu Mfaransa Viollet-le-Duc aliyabuni wakati wa ukarabati ulioanza miaka ya 1840. Za kale kwa desturi ni zile zinazochomoza nje ya ukuta kwa ulalo, na kazi yake ni kutema maji ya mvua mbali na mawe. Haya ya ukumbini hayatemi maji.

Na huyu ni mtu wetu wa mada hii. Kamusi yake ya usanifu wa Kifaransa ilitoka juzuu 10 kati ya 1854 na 1868, na michoro yake inafanya kitu ambacho Pugin hakufanya: inalifungua jengo. Anachukua sehemu tao linapoanzia juu ya nguzo, analitenganisha jiwe moja moja, kila jiwe linaelea hewani karibu na nafasi yake. Unaona kwa nini nakshi ipo pale. Ule mnara mwembamba ulioanguka motoni ulikuwa wake, na wamejenga kwa umbo lake hilo hilo; kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Mlima_Ngozi (#33)
Hayo mawe yanayoelea nimeyaona sasa hivi. Sitalala leo.

KalamuYaRisasi (#34)
Karibu kwenye chama mkuu.

MbongoKöln (#35)
Kama tunazungumzia mtu kuchora kwa kupenda tu, mnamsahau Villard de Honnecourt. Kitabu chake cha ngozi cha karne ya 13 kimebaki na karatasi 33, kiko maktaba ya taifa Paris. Humo kuna madirisha ya kanisa kuu la Reims, simba, mashine, watu wanaopigana mieleka, na mnara wa kanisa kuu la Laon, yote ya Ufaransa. Kwenye mnara ule kuna ng'ombe wa mawe wanaochungulia nje kati ya nguzo, naye amewachora. Anaandika kwamba ametembea nchi nyingi na hajaona mnara unaofanana na ule.

Wasomi wanabishana mpaka leo kama alikuwa mwashi au msafiri mwenye kalamu tu. Mimi nasema #1 ni mtu wa ukoo wa Villard.

Bikari (#36)
Villard alichora vibaya vipimo, lakini. Dirisha la mviringo la Chartres kwenye kitabu chake halilingani na lililopo.

MbongoKöln (#37)
Na bado unalitazama. Basi si vipimo vinavyokushika, mkuu wa jometri.

Bikari (#38)
Nalitazama kutafuta alipokosea!

BiShamsaUnguja (#39)
Hahaha. Hiyo nayo ni sababu, iongezwe kwenye orodha.

Mwanafunzi_UDSM (#40)
Swali dogo kwa wote. Kanisa la All Saints Nairobi, lililochorwa na Temple Moore, jiwe la msingi 1917, likakamilika 1952 wakati mchoraji wake amefariki tangu 1920. Je, nakshi zake za ndani zilifuata michoro yake au mafundi waliamua? Inahusiana na hoja ya deni ya #11.

MtuWaMakavazi (#41)
Swali zuri. Nenda ukaangalie vichwa vya nguzo kuanzia upande wa mwanzo wa ujenzi hadi wa mwisho, mkono uliobadilika huonekana kwenye kona za mawe. Pita asubuhi, mwanga unaingia wa ubavuni.

GetiLaChuma (#42)
Picha ya geti nimeweka. Msiangalie rangi, mwenye nyumba ndiye aliyechagua.

FundiKeko (#43)
Fundi mwenzangu, kazi nzuri. Yale majani matatu mwishoni umeyagonga yakiwa ya moto au umekata kwa grainda?

GetiLaChuma (#44)
La kwanza nilikata, likawa bapa, halina uhai, hayo mambo yako ya kina. Yaliyobaki nikatia kwenye makaa nikagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Angalia la pili kutoka juu kushoto, uone linavyokusanya kivuli.

FundiKeko (#45)
Nimeona. Hilo la pili niuzie mchoro wake wa chaki kabla hujafuta sakafu.

KalamuYaRisasi (#46)
Jumamosi naja Keko. Nachapisha ukurasa wa mikato kwenye karatasi kubwa ya A3. Fundi, nije na mninga au utanipa kipande?

FundiKeko (#47)
Usianze na mninga. Kuna vipande vya msonobari hapa, na uje na penseli ngumu, laini inaacha mstari mnene patasi inashindwa kujua ikate upande gani.